Namba Kwanza, Rangi Baadaye: Mwongozo wa Kujenga Modeli ya Garratt ya Zama Zake

Ukiona modeli ya injini ya mvuke ya Garratt ya daraja la 59 imerundikwa makaa ya mawe mgongoni, jua aliyeijenga hakutazama picha hata moja ya reli ya Kenya. Injini hizo 34, zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock huko Gorton, Manchester, na kuingia kazini mwaka 1955 na 1956, zilichoma mafuta mazito tangu siku ya kwanza. Makaa hayakuwamo, wala koleo la kuyachotea.

Hata hivyo kosa la makaa ni dogo, kwa sababu linaonekana haraka na linaondolewa kwa dakika moja. Yanayomsumbua mjenzi wa modeli ni makosa ambayo kila kipande ni cha kweli kikitazamwa peke yake, ila vipande hivyo havikuwahi kukutana kwenye injini moja: dohani ya miaka ya 1970, rangi mpya ya kiwandani ya mwaka 1955, na nembo ya shirika ambalo halikuwapo kabla ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Modeli ya namna hiyo ni nzuri kuiweka kabatini, lakini haiwakilishi siku yoyote iliyopata kuwako.

Dawa yake ni kuanza na mambo mawili kabla ya kununua hata chupa moja ya gundi. Chagua namba ya injini, kisha chagua mwaka. Si daraja tu, wala si "zama za mvuke" kwa ujumla. Andika kwenye karatasi: 5918, Mount Gelai, mwaka fulani, kituo fulani. Kuanzia hapo kila swali, liwe la dohani, taa au vumbi, linaulizwa mbele ya karatasi hiyo.

Namba zinasema mengi

Mfumo wa namba wa East African Railways unamrahisishia kazi mjenzi. Tarakimu mbili za mwanzo ni daraja, mbili za mwisho ni nafasi ya injini ndani ya daraja hilo. Kwa hiyo 5918 ni injini ya 18 ya daraja la 59, na 6006 ni ya sita ya daraja la 60. Ukikutana na picha ambayo injini imejificha nusu nyuma ya mnara wa maji, namba pekee inatosha kukuambia ni ya aina gani.

Mfumo huu unahusu kipindi cha baada ya Mei 1948, reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na reli ya Tanganyika kuwa chombo kimoja. Injini za zamani zilibatizwa upya. Garratt iliyokuwa namba 87 ya Kenya na Uganda, iitwayo Karamoja, ikawa 5711. Chuma ni kilekile, lakini kwa mjenzi hizo ni modeli mbili tofauti, na anayebandika 5711 ubavuni huku ameandika KUR, kifupi cha ile reli ya Kenya na Uganda, kwenye tangi amechanganya falme mbili.

Kisha hesabu magurudumu. Garratt ya daraja la 59 huandikwa 4-8-2+2-8-4: mbele kuna magurudumu manne madogo, manane makubwa ya kuvuta, mawili madogo, halafu mpangilio huo unarudiwa kinyume upande wa nyuma. Daraja la 60 lina mpangilio uleule, lakini ni injini nyepesi mno, yenye mzigo wa tani 11 kwa ekseli, ilhali la 59 lilibeba kama tani 21. Madaraja ya 57 na 58, yaliyotangulia, yalikuwa 4-8-4+4-8-4. Mtu akichukua fremu ya moja na kuivika mwili wa jingine, gurudumu moja la ziada kila upande litamwumbua.

Katika injini za kawaida, zile zilizopewa majina ya makabila, mtego ni huohuo. Daraja la 29 lina mpangilio wa 2-8-2. Madaraja ya 30 na 31 ni 2-8-4, yaani yana ekseli moja ya ziada chini ya chumba cha dereva. Kwa mbali yanafanana kama ndugu.

Mzigo wa ekseli una maana nyingine kwa mjenzi: unaamua mahali. Daraja la 59 liliagizwa mwaka 1950 kwa sababu mizigo ilikuwa imerundikana bandarini Mombasa, na kazi yake kuu ikawa njia ya Mombasa hadi Nairobi, yenye reli nzito za kuihimili. Anayejenga kituo cha Tabora akaisimamisha 59 kwenye jukwaa amekosea hata kama kila ribiti iko mahali pake. Kwa njia za reli nyepesi, chukua daraja la 60 au la 31.

Dohani, vibao na mambo yaliyobadilika

Sehemu inayotaja umri wa Garratt ya daraja la 59 kwa haraka kuliko zote ni dohani. Zilipotoka Manchester zilikuwa na dohani ya mviringo ya kawaida. Baadaye zilifungwa mtambo wa kutolea moshi uliobuniwa na mhandisi wa Austria, Adolph Giesl-Gieslingen, ambao hutumia safu ya matundu madogo ya mvuke badala ya tundu moja. Mtambo huo una dohani nyembamba na ndefu, iliyobanwa pande mbili, ukiitazama kutoka mbele ni kama ubao uliosimamishwa. Ukiitazama kutoka ubavuni ni pana. Tofauti hiyo inaonekana hata kwenye picha yenye ukungu, na ndiyo maana mjenzi anapaswa kuimaliza mapema.

Angalizo moja: injini hazikubadilishwa zote siku moja. Zilibadilishwa kila moja ilipoingia karakana. Picha ya 1962 ya injini fulani yenye dohani ya Giesl haithibitishi chochote kuhusu jirani yake. Tafuta picha ya namba yako mwenyewe, yenye tarehe, kabla na baada ya mwaka uliouchagua. Zikikubaliana zote mbili, umesalimika.

Vibao vya majina vina historia tamu zaidi. Daraja la 59 lilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na majina hayo hayakumkera mtu. Daraja la 60 lilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Injini 6006, kwa mfano, iliitwa Sir Harold MacMichael, aliyewahi kuwa gavana wa Tanganyika. Nchi zilipojitawala vibao hivyo vikawa mzigo wa kisiasa, na vikaondolewa. Kwa hiyo modeli ya daraja la 60 ya mwaka 1955 bila kibao ina upungufu, na modeli ya mwaka 1970 yenye kibao cha gavana ina ziada. Hakuna rangi wala kuchakaza kunakoweza kufunika kosa hilo, kwa sababu kila msomaji wa historia atalikamata.

Daraja hilo la 60 lina jambo jingine la kuchungulia: injini 12 za mwanzo kati ya 29 hazikujengwa Manchester bali Raismes, Ufaransa, na kampuni ya Franco-Belge kwa niaba ya Beyer, Peacock. Anayechonga kibao kidogo cha kiwanda ubavuni mwa fremu akumbuke hilo. Ndiyo, ni kibao kisichofika milimita tano kwenye modeli. Wapo watakaokisoma kwa kioo cha kukuza.

Kwa upande wa dizeli, injini za English Electric zilizoingia mwaka 1960 zilianza kama daraja la 90 na baadaye zikaitwa daraja la 87. Treni ya mwaka 1961 inayovutwa na 8701 ni kichekesho.

Picha gani iaminiwe

Wengi huanzia Makumbusho ya Reli ya Nairobi, jirani na kituo kikuu cha zamani, na wanafanya vyema. Pale zipo injini mbili pekee za daraja la 59 zilizosalia, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, pamoja na 6006 na ile Karamoja. Hakuna mchoro unaoshinda kusimama kando ya boila ambayo kipenyo chake, futi 7 na inchi 6, kinazidi mara mbili upana wa reli inayoibeba.

Lakini injini ya makumbusho ni shahidi wa siku zake za mwisho, na wa kila aliyeishika brashi baada ya hapo. 5918 ilifufuliwa ikatembea tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. 5930 imesimama nje na kupakwa upya. Ipimie vile visivyobadilika: magurudumu, fremu, tangi, umbali kati ya ngazi, mpangilio wa mabomba makubwa. Usiipimie rangi, taa wala maandishi ya mwaka 1956. Ukipiga picha, simama ukiielekea injini sawasawa ubavuni, weka fito yenye alama za sentimita ndani ya picha, na usisahau kupiga kutoka juu kadiri utakavyoruhusiwa. Modeli hutazamwa kutoka juu siku zote, ilhali picha za zamani karibu zote zilipigwa kutoka chini.

Michoro ya kiwanda ni jambo jingine. Kumbukumbu za Beyer, Peacock, kampuni iliyofungwa mwaka 1966, zimehifadhiwa katika makumbusho ya sayansi na viwanda ya Manchester. Michoro inaonyesha injini ilivyokusudiwa kutoka kiwandani. Karakana ya Nairobi ilikuwa na mawazo yake.

Picha yenye tarehe iliyoandikwa wakati huohuo ndiyo hakimu. Isiyo na tarehe inaweza kuhojiwa: dizeli ya daraja la 90 ikionekana nyuma, ni mwaka 1960 au baadaye, bendera ya Kenya ikipepea kituoni, ni baada ya 12 Desemba 1963, kibao cha gavana kikiwepo, rudi nyuma. Chunguza pia kama slaidi haikugeuzwa wakati wa kunakiliwa. Namba ikisomeka kinyume kila mtu huona, lakini picha iliyokatwa namba inaweza kukuhamishia pampu na mabomba upande usio wao.

Wazee waliofanya kazi reli ni hazina, ila namna ya kuwauliza ina adabu yake na ufundi wake. Baada ya shikamoo na chai, usimwambie mzee, "Dohani ilikuwa hivi, sivyo?" Atakukubalia kwa heshima tu. Mpe picha mbili, mwache azitazame, mwulize ni ipi aliyoipanda na alikuwa kituo gani mwaka huo. Dereva hukumbuka vali aliyoishika kila siku kwa miaka kumi. Hana sababu ya kukumbuka mstari wa manjano chini ya tangi.

Skeli na upana wa reli

Reli ya zamani ya Kenya, Uganda na sehemu kubwa ya Tanzania ina upana wa mita moja. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea, maana reli za modeli zinazopatikana kwa urahisi, zenye upana wa milimita 16.5, kwa skeli ya 1:87 zinawakilisha milimita 1,435. Huo ni upana wa SGR iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Ukiiweka Garratt juu yake inapoteza lile umbo lake la ajabu, jitu lililosimama juu ya kamba mbili nyembamba.

Kwa skeli ya 1:87 tumia reli ya milimita 12, ileile inayotumiwa na wajenzi wa reli nyembamba za Uswisi. Injini halisi ya daraja la 59 ilizidi mita 31, hivyo modeli itakuwa na urefu wa sentimita 36 hivi, na magurudumu makubwa ya karibu milimita 16. Kwa skeli ya 1:22.5 na reli ya milimita 45, injini hiyohiyo inakaribia mita moja na nusu. Itafutie ua, si meza.

TAZARA ni kisa tofauti. Upana wake ni milimita 1,067, na kwa macho ya kawaida reli ya milimita 12 inatosha pia. Lakini treni za TAZARA na za reli ya kati hazikuweza kutembea kwenye reli moja, kwa hiyo usiziunganishe mezani.

Kuijenga

Asiyeweza kuagiza kifurushi cha shaba kutoka ng'ambo ana njia. Boila ya 59 kwa skeli ya 1:87 ina kipenyo cha milimita 26 na kidogo. Bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme ukutani, lile la milimita 25, likivikwa karatasi ngumu iliyobanwa vizuri linafika kipimo hicho. Usidanganywe na bomba la maji la PPR kwa sababu tu linalingana: limetengenezwa kwa polipropilini, na gundi wala rangi hazishiki juu yake. Bomba la PVC linakubali vyote viwili baada ya kusuguliwa kwa msasa.

Fremu mbili za magurudumu ndizo ghali. Ununuapo injini mbili za mtumba ili uchukue mitambo yake, tazama kipenyo cha gurudumu na umbali kati ya ekseli kabla ya kutazama chapa. Tofauti ya milimita moja husameheka. Ekseli zilizoachana ovyo hazisameheki, kwa sababu silinda na tangi hupangwa kuzifuata na kosa litasambaa mwili mzima.

Anayependelea kununua modeli iliyokamilika kutoka ng'ambo hajaepuka kazi hii. Flying Scotsman ya Uingereza ni mfano wa kufundishia. Ilitoka Doncaster mwaka 1923 ikiwa na namba 1472, ikawa 4472 mwaka uliofuata, ikajengwa upya kuwa daraja la A3 mwaka 1947, na chini ya British Railways ikawa 60103. Dohani ya matundu mawili ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1950, na bamba za kuelekeza moshi za mtindo wa Kijerumani mwaka 1961. Ikastaafu 1963. Mtu akiivutisha treni ya mwaka 1934 modeli yenye bamba hizo, ameiazima kutoka miaka ishirini na saba mbele. Kasheshe ni kwamba baada ya kustaafu, injini hiyo iliendelea kutembea kwa watalii ikivaa namba na rangi za zamani pamoja na vifaa vya baadaye, kwa hiyo mchanganyiko unaoonekana kuwa kosa huenda ni sahihi kabisa, mradi mjenzi aweke kando yake mabehewa ya watalii na umati wenye kamera. Ndiyo sababu karatasi ya namba na mwaka haikwepeki.

Rangi, na uchafu unaostahili

Garratt za East African Railways zinakumbukwa kwa rangi ya damu ya mzee. Ni rangi ngumu kuipata, na picha ndizo zinazodanganya zaidi. Filamu ya Kodachrome ikihifadhiwa gizani hudumisha rangi zake vizuri; aina nyingine nyingi za zamani huelemea wekundu kadiri miaka inavyopita, na wekundu ukiongezwa juu ya damu ya mzee unapata kitu kama juisi ya rozela. Kabla ya kuiamini picha, itazame kwenye kitu ambacho rangi yake inajulikana: majani ya mkonge, saruji ya jukwaa, shati jeupe. Majani yakiwa ya kahawia, rangi ya injini nayo imehama.

Changanya rangi yako, pulizia kipande cha bati, kisha ukipeleke nje juani. Taa ya chumbani huifanya ionekane nyeusi. Kwa modeli ndogo ongeza nyeupe kidogo sana, kwani rangi ileile juu ya kitu kidogo huonekana nzito kuliko juu ya kitu cha mita 31. Pulizia tabaka nyembamba mara kadhaa, acha ikauke, kisha vanishi yenye mng'ao kabla ya kubandika namba.

Uchafu nao una tarehe. Madereva wengi wa Garratt, Masingasinga kwa Waafrika, walipokabidhiwa injini yao maalumu waliing'arisha kama sinia la harusi. Modeli ya miaka ya 1950 iliyojaa kutu inawavunjia heshima. Kuanzia mwaka 1973 injini za daraja hilo zilianza kuondolewa kazini, na za mwisho zilifika 1980. Hapo ndipo rangi iliyopauka inapokubalika. Katika miaka yote, masizi ya mafuta hukaa juu, kuzunguka dohani na mgongoni mwa boila, nayo ni meusi yenye unyevu wa mafuta. Chini, kwenye magurudumu na fremu, weka vumbi jekundu la Taru na Voi. Kutu ya chungwa inayopakwa kila mahali kwa brashi kavu ni mtindo wa dukani.

Mwisho, hakikisha na vingine mezani vinakubaliana na karatasi. Mnara wa maji na bango la kituo cha Makindu vinaweza kudumu miaka mingi, lakini gari lililoegeshwa kando, sare ya polisi na bendera haviwezi. Mji ulioandikwa Thomson's Falls unakataa treni ya miaka ya 1980. Nyahururu, jina jipya la mji huohuo, inakataa ya mwaka 1950.

Kazi hii yote inategemea picha, na nyingi bado ziko ndani ya masanduku ya familia, hasa za watu waliokulia kwenye nyumba za reli za Muthurwa na Makongeni. Kama nyumbani kwenu kuna picha ya babu au mjomba amesimama mbele ya injini, igeuze leo, uandike nyuma kwa penseli laini: namba ya injini, kituo, mwaka, na jina la aliyekueleza. Kisha ipige nakala kabla ya kuirudisha sandukuni.